Kipara Atafuta wa Kumsikiliza

Kinyozi ambaye mtaa mzima ulimwita Kipara, kwa sababu zilizoonekana tokea mbali, alijua siri za kila kichwa alichokinyoa. Yake mwenyewe ndiyo ilimkwama kooni. Tangu kaka yake afariki, mkono wake wa kulia ulitetemeka kila aliposhika wembe, na wateja wanaopenda masikio yao walishaanza kuhama.

"Hospitali wamekuta mkono mzima," dada yake alimwambia. "Kilichobaki ni hicho kichwa. Tafuta mshauri."

"Na asiponifaa?"

"Unamwacha. Kwani unamwoa?"

Mshauri wa kwanza alikuwa mzee mpole. Alipomuuliza hali, Kipara akajibu kwa mazoea ya kazi, "Mimi nipo tu. Wewe je, nyumbani hawajambo?" Muda ulipokwisha, alikuwa ameshajua visa vyote vya mkwe wa yule mzee, na mzee anafuta machozi.

"Umetua mzigo?" dada akauliza.

"Ametua yeye. Kanishukuru sana."

Wa pili alikuwa kijana makini, hachokozeki kwa soga. Alimkazia Kipara macho, akangoja. Kipara akatazama zulia, kisha soksi za mshauri. Neno halikutoka.

Aliporudi kazini akajitupa kwenye kiti cha wateja, akijiuliza mbona humu ndani maneno huwa hayamkauki. Akainua macho, akajiona kwenye kioo, ndipo akang'amua: miaka yote amesimama nyuma ya watu, akiongea nao kiooni.

Wa tatu alikuwa mama mmoja mcheshi. Safari hii Kipara hakungoja kuulizwa.

"Mama, mimi nikitazamwa usoni nafunga duka. Na nikikuuliza habari za kwako, usinijibu. Utajikuta umeshanyolewa."

Mama akacheka. Akageuza viti vyote viwili vikaelekea dirishani, ambako sura zao zilionekana hafifu kwenye kioo. "Hapo je?"

"Hapo sawa. Watoto hawajambo?"

Mama kimya, anatabasamu tu.

"Nina kaka yangu," Kipara akaanza, kisha akajisahihisha. "Nilikuwa naye. Ndiye aliyenifundisha kushika wembe."

"Alikufundisha kuushikaje?" yule mama akamuuliza mle kiooni.

Kipara akainua mkono, unatetemeka vilevile, akaanza kumwonyesha.