Kasa Alimwita Nduk

Jumapili asubuhi ukungu wa mlima Merbabu hushuka mpaka mjini Salatiga, kisiwani Java, ukaingia kibandani kwa Wening muuza uji bila hodi, ukachanganyika na mvuke wa uji wa mchele hata usijue kipi ni kipi. Saa hiyo watu wazima na akili zao, wenye wake na waume na vitambi, huvua viatu mlangoni, wakakaa mkekani, wakaikodolea macho televisheni wakisubiri katuni.

Ndiyo, katuni. Cheka, ukimaliza tuendelee.

Katuni yenyewe inaitwa Bahari Iliyohama. Iliwakuta wakiwa watoto, na mpaka leo haijawatoka. Kuna mtoto anaitwa Soro, nywele mpaka mabegani, kanzu inaburuzika chini, amepanda mgongo wa kasa mkubwa kuliko msikiti. Wanatembea nchi kavu, siku nenda siku rudi, wakiitafuta bahari ambayo asubuhi moja iliamka ikajiondokea zake, ikaacha mashua zimelala ubavu kwenye mchanga. Kituo cha televisheni kiliionesha mpaka sehemu ya thelathini na nane, kisha kikaikata bila hata kusema samahani, na bahari yenyewe bado haijapatikana. Hebu fikiria, unamwachaje mtoto namna hiyo? Wengine wamekua, wameoa, wamezaa, na ndotoni bado wanatembea na yule kasa.

Sasa, miaka karibu thelathini baadaye, wenyewe Wajapani wameichora upya, na sauti zimetiwa upya kwa Kiindonesia. Kila Jumapili saa mbili kamili inatoka sehemu mpya. Leo ilikuwa zamu ya sehemu ya saba.

"Mbak Wening, huo uji unaiva leo au tusubiri Idi ya Lebaran?" aliuliza Tegar, fundi wa majokofu, mtu wa makelele, mwenye kanda zote thelathini na nane za zamani kwenye sanduku la bati. Nyumba ikishika moto, ataokoa sanduku kwanza, mke baadaye. Mke mwenyewe anajua.

"Una haraka gani, Mas? Kasa mwenyewe hana haraka," Wening alimjibu akikoroga. Huko kaka ni Mas, dada ni Mbak.

"Kasa wa zamani, sema. Huyu wa siku hizi anakimbia kama amefumaniwa."

Mkeka mzima ukaangua kicheko, ila Ratri. Ratri ni mwalimu wa hesabu, na wikiendi hapumzishi hesabu wala ulimi. "Mimi sina shida na mwendo," alisema akimenya yai la kware. "Shida yangu ni ninyi na ile barua yenu. Eti mnawaandikia studio walirudishe lile neno nduk. Soro ni mvulana! Mvulana anaitwa le. Nduk ni msichana. Mjava gani asiyejua hilo?"

"Kasa wetu alisema nduk," Tegar alisema.

"Kasa wenu alikosea."

"Hakukosea, aliamua!"

"Aliamua nini? Kumbadilisha mtoto wa watu jinsia?"

Ugomvi wenyewe ndio huo, una wiki ya saba sasa. Kwenye katuni ya zamani, kila kasa alipotaka kunyanyuka, aliinamisha shingo na kumwambia mtoto, "Haya, nduk. Polepole tu." Kwenye mpya anasema le. Neno moja tu, na watu wamenuniana, wametoana kwenye kundi la simu, wamerudishana.

Wening aliinamia sufuria. Alikuwa akikoroga bila kuinua macho, kwa sababu kuna jambo ambalo hakuwahi kumwambia yeyote pale mkekani. Ile sauti ya kasa wa zamani ilikuwa ya baba yake.

Pak Wignyo alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabu. Mkewe alipofariki, Wening akiwa na miaka minne, alimwacha mtoto kwa bibi yake na kwenda Jakarta kuuza koo lake, akitia sauti za majambazi, farasi na wafalme. Alirudi mara moja kwa mwaka, Lebaran, na viatu vipya visivyomtosha mtoto, maana hakujua mguu wa bintiye umefika wapi. Barua haandiki, simu nyumbani hakuna. Lakini kila Jumapili saa mbili, kasa aliinamisha shingo kwenye kioo, na sauti ya baba ikatoka, nzito, ya taratibu, imejaa usingizi. "Haya, nduk. Polepole tu."

Na Wening, amekaa karibu na kioo mpaka pua inakaribia kugusa, anajibu kwa adabu zote alizofundishwa, "Nggih, Pak." Ndiyo, baba. Bibi alikuwa akicheka mpaka tambuu inamtoka mdomoni.

Hilo neno ndilo lililomlea. Watoto wenzake walipomwambia kwamba baba yake kamtupa, alijisemea moyoni, subirini Jumapili. Uzeeni baba akarudi, akaishi naye miaka kumi na mmoja humu ndani, majirani wakimjua kama Baba Wening tu, na wakawa wanapishana ukumbini kama wapangaji. Siku moja Wening alijikaza akamuuliza. "Bapak, kwenye ile katuni, ulikuwa unaniita mimi?" Mzee akakohoa, akaonja chai, akasema sukari imepungua. Yakaishia hapo. Miaka mitatu iliyopita alifariki, kimya kimya, na jibu lake akaondoka nalo.

Ndiyo maana leo Wening alikuwa na kalamu kwenye mfuko wa aproni. Barua ikipita, atie saini wa kwanza.

"Haya, tulieni," Tegar alisema, akainua simu juu kama imamu wa matangazo. "Nimempata Bu Harsi."

"Bu Harsi yupi?"

"Msimamizi wa studio ile ya zamani! Ana miaka sabini na nane, yuko Bogor anafuga njiwa. Nimemuuliza lile swali, amenitumia ujumbe wa sauti usiku. Sijausikiliza. Nimesema tuusikie wote, Ratri aone aibu mbele za watu."

Akabonyeza. Sauti ya bibi kizee ikatoka, kavu, nyuma yake njiwa wakiguna.

"Wewe kijana, umenichekesha. Nduk! Tulikosea, mwanangu, hamna cha ajabu. Karatasi za tafsiri zilikuwa zinasema dia tu, yeye, yeye, yeye. Nani anajua huyo yeye ni wa kike au wa kiume? Tukaona nywele, tukaona kanzu, tukasema huyu binti. Kwenye karatasi kasa anasema 'mtoto,' Wignyo akateleza na Kijava chake, akasema nduk, na mimi nikaiacha. Sehemu ya tisa ndiyo tuliyojua, pale Soro alipokojoa amesimama! Studio nzima tulishika vichwa!"

Mkeka ulipasuka kwa vicheko. Ratri alijipiga paja, machozi yanamtoka. "Yeye, yeye, yeye! Sikuwaambia? Sikuwaambia? Amesimama!" Hata Tegar, kashindwa na bado anacheka.

Wening naye alitabasamu, uso wa kuazima. Aliweka upawa, akapita nyuma ya pazia la jikoni, akashika ukingo wa pipa la maji. Kumbe kuteleza. Karatasi, nywele, kanzu. Kwa hiyo zile Jumapili zote alikuwa akimwitikia mtu aliyekosea. Hakuitwa. Alijihisi mjinga, mwanamke wa miaka thelathini na minane anayemlilia kasa wa kuchorwa, na aibu ya kujihisi mjinga ikamuumiza kuliko kilio chenyewe. Ukungu uliingia kwenye dirisha dogo, na ndani yake akaona viatu, jozi moja moja, vyekundu, vya bluu, vyenye maua, vyote vidogo, vimepangwa kuelekea barabara ya Jakarta. Alijua anaota akiwa macho. Aliacha viendelee kupita.

"Mbak! Uji unaungua!"

Alirudi mbio, akafuta macho kwa mkono wa gauni. "Moshi huu," alisema, ingawa hakuna aliyeuliza.

Ratri alikuwa ameacha kucheka. Amekunja uso vile anavyoukunja akiona hesabu ya mwanafunzi imekataa. "Ngojeni kwanza. Sehemu ya tisa ndiyo waliyojua, si ndiyo?"

"Ndiyo, umeshinda, kula yai lako," Tegar alisema.

"Sijamaliza. Kwenye kanda zako, nduk ya mwisho iko sehemu ya ngapi?"

Tegar akakuna kichwa. "Zote. Mpaka ya thelathini na nane. Ile ya mwisho kabisa anasema mara mbili."

"Basi toa tisa. Sehemu ishirini na tisa mtu anajua kabisa huyu ni mvulana, na bado anamwita msichana? Kuteleza ni mara moja, Mas. Ukiteleza wiki ishirini na tisa, hiyo ni njia yako ya kupita." Akamnyang'anya simu, akaiweka mdomoni kama anataka kuila. "Bu Harsi, samahani sana, ni Ratri huku Salatiga. Baada ya ile ya tisa, kwa nini Pak Wignyo hakuacha?"

Saa mbili ikagonga kabla jibu halijaja. Televisheni ikajaa mchanga wa rangi ya asali, na Soro mpya, nywele fupi safari hii, amelala kwenye gamba akiota maji. Ilikuwa sehemu nzuri, Mungu asinisute. Bahari iliyohama ilipita juu, angani, taratibu, na samaki wakaonekana matumbo meupe kutoka chini, na watu wa mkekani wakainua nyuso wote midomo wazi, vijiko vimesimama njiani. Kasa akainamisha shingo. "Haya, le," alisema kwa sauti ya kijana fulani, safi, isiyo na kosa.

Wening hakuhisi kitu. Hilo ndilo lililomtisha.

Simu ikalia kwenye mkeka. Ratri akapunguza televisheni bila kuomba ruhusa, na ajabu ni kwamba hakuna aliyempigia kelele.

"Umeuliza vizuri, wewe mwalimu," alisema Bu Harsi. Safari hii alisema polepole, na njiwa wametulia. "Nilimfokea sana. Kila karatasi nilikata 'mtoto' kwa kalamu nyekundu, nikaandika le. Anaitikia, ndiyo, Bu, ndiyo, Bu. Akifika kwenye maikrofoni, nduk! Siku moja nikamtoa nje, nikamwambia, wewe Wignyo, una kichwa gani? Si unaona ni mvulana? Akatazama chini. Alikuwa mtu wa haya sana, huyo. Akaniambia, 'Bu, huyu wa kwenye kioo ni mvulana. Ila Jumapili saa mbili kuna wa kwangu nyumbani, huwa ananiitikia. Bibi yake aliniambia nilipokwenda Lebaran. Nikisema le, atadhani namwita mwingine.' Nikarudi ndani, nikazitupa zile karatasi. Mpaka mwisho sikumkatiza tena."

Uji ulikuwa ukichemka peke yake. Wening alisimama na upawa mkononi, na machozi safari hii hakuyasingizia moshi. Yalishuka tu, akayaacha.

Bibi alimwambia. Kumbe bibi alimwambia, na yeye akasikia, na akabishana na bosi wake, mtu yule asiyeweza kubishana na kikombe cha chai.

"Maskini," Ratri alinong'ona. "Sijui huyo mtoto yuko wapi sasa."

"Anawapikia uji," Wening alisema.

Walimgeukia wote. Kisha Tegar akashika kichwa kwa mikono miwili, akasema "Ya Allah" mara tatu, na Ratri akasimama, akamwaga mayai yake yote, akaja kumkumbatia na upawa wake, uji ukawatiririka mgongoni na hakuna aliyejali.

Walipotulia, Tegar akaitoa ile barua, akaisawazisha kwenye goti lake. "Mbak, basi saini ya kwanza ni yako. Hata Ratri atasaini sasa."

"Nasaini," Ratri alisema, anapenga kamasi. "Nasaini mara mbili."

Wening akaitoa kalamu mfukoni. Akaitazama barua, akaisoma yote, neno kwa neno. Kisha akairudisha kalamu mahali pake.

"Msiipeleke," alisema. "Yule kijana mpya anasema sawasawa. Soro ni le. Mwacheni na kasa wake."

"Lakini nduk, Mbak..."

"Nduk ni mimi, Mas. Siwapi."

Tegar akaikunja barua, mara mbili, mara nne, akaitia chini ya bakuli. Kisha akatoka nje na ndala mbovu za mtu mwingine, akapotea kwenye ukungu, akarudi amekumbatia sanduku la bati na deki ya zamani begani. Aliunganisha nyaya huku anatukana nyaya. Kanda ikalia kwanza, ikakwaruza, picha ikacheza, mistari myeupe ikashuka na kupanda kama mvua ya pembeni. Sehemu ya thelathini na nane. Wakakaa karibu, mabega yanagusana, na Wening wakampisha mbele kabisa, mita moja kutoka kioo.

Mchanga. Jua linashuka. Bahari haijapatikana. Kasa mzee, rangi zimepauka, akaigeuza shingo yake ndefu, macho yakatazama moja kwa moja chumbani.

"Haya, nduk," alisema Bapak. "Polepole tu."

Wening alijiweka sawa, akaunganisha miguu, akaficha mikono mapajani kama alivyofundishwa.

"Nggih, Pak," alisema.