Kadi ya Kwanza ya Mama Geuza

Siku afisa wa huduma kwa wateja alipoingia wodini na sanduku lake la njano, yule muuguzi wa mchana ambaye wagonjwa wote walimwita Mama Geuza alikuwa ameinama, anamwaga mkojo wa kitanda cha nne. Hakuinua kichwa. Alisikia tu sauti nyororo ikitangaza kwamba kuanzia wiki ile kila mgonjwa, samahani, kila mteja, atapewa kadi, na akihudumiwa kwa tabasamu ataandika jina la muuguzi na kuitumbukiza sandukuni. Kila Ijumaa mwenye kadi nyingi atavishwa beji yenye uso unaocheka, atapewa pakiti ya biskuti, na picha yake itabandikwa karibu na lifti.

"Tumeomba glavu miezi miwili," akanong'ona mkunga aliyekuja kuazima shuka, "wametuletea biskuti."

Wauguzi wakacheka chini chini. Mama Geuza hakucheka. Kinyaa kilimpanda kooni, kinyaa ambacho usaha na matapishi ya miaka ishirini na miwili havijawahi kumtia. Mtu mzima, mama wa watoto watatu, anatuzwa biskuti kwa kucheka, kama mtoto wa chekechea aliyefanikiwa kukojoa chooni! Akasuuza chombo, akanawa mikono, akaenda kumgeuza mzee wa kitanda cha sita.

Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo uzito wake mwenyewe unaibana ngozi mpaka inakufa na kuoza. Wagonjwa huambiwa hivyo, lakini wanachokijua wao ni maumivu. Mzee wa kitanda cha sita alikuwa fundi cherehani mstaafu aliyeteleza bafuni akavunjika nyonga, na kila alipoguswa alimwaga matusi, mengine ya kizamani kiasi kwamba Mama Geuza alikuwa hajayasikia tangu babu yake azikwe.

"Mchawi wewe! Umetumwa na nani?"

"Nimetumwa na ngozi yako, baba. Shika hicho chuma. Ukiachwa hivi utaoza mgongo."

"Unanitisha tu, una roho mbaya."

"Haya, nina roho mbaya. Moja, mbili, tatu."

Chuma cha kuungia mfupa wake kilikuwa kimeagizwa, na upasuaji ulipangwa Ijumaa ya wiki ya tatu. Daktari wa mifupa alikuwa mtu wa maneno machache, akayasema mara moja tu: akikuta kidonda mgongoni, hata kama ukucha, hakati, maana vijidudu vya kidonda vitahamia kwenye chuma. Na mzee wa umri ule asiposimamishwa mapema, hasimami tena. Kwa hiyo kazi ya wodi kwa mzee yule ilikuwa moja tu, kuifikisha ngozi yake Ijumaa ile ikiwa nzima.

Beji ya kwanza aliichukua Asali. Ya pili pia. Asali alikuwa muuguzi kijana mwenye sauti ya kubembeleza, na si kwamba alikuwa mtu mbaya. Aliwapenda wagonjwa kweli, akawachana nywele, akawasikiliza habari za wajukuu. Lakini mgonjwa akisema niache nilale, Asali alimwacha alale. Kisha alichukua fomu ya kugeuza, ile inayotiwa alama kila mgonjwa anapogeuzwa, akajaza saa zote za zamu kwa mkupuo, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja: ubavu, mgongo, ubavu, mgongo. Mama Geuza aliiona fomu hiyo saa tatu asubuhi ikiwa imeshajazwa mpaka jioni. Alipokwenda kumfunua mzee alikuta wekundu chini ya kiuno, wa ukubwa wa kifuniko cha chupa. Alipoubonyeza kwa kidole haukupauka. Ngozi ya hapo ilikuwa imeanza kufa.

"Anaumia, dada," Asali alisema alipobanwa. "Ameniomba kabisa kwa machozi. Ningefanyaje?"

"Ungemgeuza akilia."

"Wewe huoni hata huruma?"

Mama Geuza akaenda kwa matroni, mkuu wa wauguzi, na ile fomu mkononi. Matroni aliitazama juu juu, akaiweka kando, akatoa karatasi nyingine yenye majina ya wauguzi kumi na moja. Mbele ya jina la Mama Geuza palikuwa na sifuri. Asali alikuwa na ishirini na saba.

"Haya mambo ya fomu tutayaangalia," matroni alisema. "Sasa tuzungumze juu yako. Wiki mbili, dada yangu, hata kadi moja! Mkurugenzi ameuliza huyu ni nani. Nimekutetea nimechoka. Hivi ukicheka kidogo utapungukiwa nini?"

Mama Geuza alijikaza kisabuni. Nyumbani mumewe, fundi wa majokofu, alipomwuliza kwa utani kama biskuti zimefika, alimrushia jibu ambalo liliwafanya watoto wote waache kula.

Ngozi aliihangaikia kama yai. Siku nne alimgeuza mzee kwa mkono wake kila saa mbili za zamu yake, akamwekea mito, akawabana wa usiku mpaka wakamgeuza nao, na ule wekundu ukapoa ukabaki kivuli tu. Mzee alimlaani siku zote nne. Asiyemlaani alikuwa binti wa mzee, kitinda mimba, aliyekuja kila asubuhi na chupa ya uji na kukaa kimya akikunja na kukunjua kanga yake.

Alhamisi, siku moja kabla ya upasuaji, matroni alipita wodini saa nne kasoro akamtupia jicho Mama Geuza, kisha akajigusa pembe za mdomo kwa vidole viwili, akizivuta juu. Mbele za watu! Wagonjwa wawili walicheka. Mama Geuza alihisi uso ukimwaka hadi masikioni.

Saa nne akaenda kitanda cha sita. Mzee alikuwa amelala chali, usingizi mzito, kwa mara ya kwanza tangu juzi. Binti alikuwa ameshika kadi ya njano. Akainuka, akaongea kwa sauti ya chini.

"Dada, nakuomba. Mwache leo tu. Kesho anakatwa, nani ajue kama ataamka. Mwache alale."

Mama Geuza alijua la kujibu. Alikuwa amelijibu mara elfu. Lakini alichoka, alichoka kuwa mchawi, alichoka kuvutwa midomo na matroni kwa mbali, na kwa kitambo kifupi akatamani sana kupendwa na mtu yeyote katika chumba kile. Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la kweli, na hilo ndilo lililokuja kumchukiza baadaye kuliko yote.

"Haya, mwanangu. Tumwache."

Binti akamshika mikono miwili akaibusu. Saa sita mzee alikuwa amelala bado. Saa nane aliamka, akala, akamwona Mama Geuza anakaribia, akafumba macho kwa woga. Mama Geuza akamwekea mto vizuri chini ya kichwa akageuka kuondoka. Mzee akamfuata kwa macho. "Huyu leo kaokoka," alimwambia bintiye, wakacheka wote watatu. Ilikuwa saa nzuri, haina haja ya kudanganya.

Saa kumi, binti alipokwisha kuondoka, alimgeuza. Shuka ilinyanyuka pamoja na ngozi. Pale penye kivuli palikuwa pamefanya lengelenge, lengelenge limepasuka, na chini yake nyama ilikuwa mbichi, inang'aa majimaji. Alisimama akiitazama, mkono mmoja bado umemshika mzee begani. Akasafisha, akafunika. Kisha akaketi na ile fomu. Kujaza ilikuwa rahisi mno, kalamu ilikuwa mkononi. Akaacha saa nne, saa sita na saa nane zikiwa tupu, akaandika chini: Kidonda kimefunguka. Hakugeuzwa. Akatia sahihi.

Ijumaa asubuhi daktari alifunua, akaangalia muda usiozidi pumzi mbili, akafunika.

"Sikati," alisema, akaenda kuandika.

Mama Geuza alikuwa bado anakusanya pamba chafu kwenye bakuli la chuma matroni alipoingia na sanduku, na mpiga picha, na nusu ya wauguzi nyuma yake. Asali alivishwa beji yake ya tatu. Kisha matroni akainua kadi moja peke yake.

"Leo tuna zawadi ya pekee, ya muuguzi aliyebadilika kuliko wote! Nasoma: Jana dada huyu alimwacha baba yangu apumzike. Ana moyo wa mama. Mungu ambariki."

Makofi yakapigwa. Binti alikuwa amefika na gauni lake la kutokea, anapiga makofi kuliko wote. Mikono ya Mama Geuza ilikuwa imejaa bakuli, hivyo hakuweza kumzuia matroni aliyembandika beji kifuani na kumpachika pakiti ya biskuti kwapani. Harufu ya usaha na harufu ya vanila zikampanda puani kwa pamoja. Taa ya kamera ikamulika.

"Cheka basi!" matroni akamhimiza.

Walipoondoka, binti alisogea kitandani, bado ana furaha. "Wanamchukua saa ngapi, dada?"

Mama Geuza aliweka bakuli chini. Angeweza kusema daktari atakuja kueleza. Wote husema hivyo.

"Hawamchukui. Ana kidonda mgongoni, daktari amekataa. Kimefunguka jana, kwa sababu jana sikumgeuza."

"Lakini jana…" Binti alimtazama, akaitazama beji. "Jana ulikuwa mwema sana kwetu."

Mzee alikuwa ameelekeza uso ukutani, wakadhani hasikii. Kisha akaugeuza polepole, na kwa mara ya kwanza tangu aletwe hakutukana.

"Mimi nilidhani unanitisha tu," alisema. "Kumbe wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, baba."