Begum wa Mashairi

Mume wangu Ghulamabbas aliniuza kwa watu zaidi ya miaka thelathini, na kila usiku akarudi kula chakula nilichopika. Usishtuke. Alikuwa mshairi wa kuchekesha, na kwa wasemao Kiurdu mshairi wa kuchekesha asiye na mke wa kumsema ni sawa na mpishi asiye na kitunguu. Kwenye mashairi yake niliitwa Begum, yaani bibi wa nyumba. Begum alikuwa mnene haenei mlangoni, mchoyo wa sukari, na mumewe akichelewa alimpokea kwa mti wa kusukumia chapati. Mimi ni mwembamba tangu nizaliwe Dar es Salaam, na mti huo sijamwinulia hata paka. Lakini nani atakusikiliza wakati watu wameshika mbavu?

Alinikuta Upanga, hukohuko Dar, alipokuja na kundi la wachekeshaji kutoka Karachi. Akanioa, akanipeleka kwao, na huko akaandika michezo ya televisheni iliyopendwa mpaka wenye maduka walifunga mapema waiwahi. Begum akawa maarufu kuliko waziri. Nikienda sokoni, muuza nyama ananiuliza leo nimempiga nani.

Mwaka 2002 tukahamia Toronto, kwenye ghorofa huku Rexdale. Mwandishi wa televisheni akawa mpanga maboksi katika ghala karibu na uwanja wa ndege, na Jumamosi akisoma vichekesho kwenye redio ya Kiurdu. Nilidhani Begum nimemwacha Karachi. Wapi! Siku moja ndani ya basi la barabara ya Kipling mzee mmoja alinipisha kiti, akaniambia kwa adabu zote, "Kaa, Begum, usije ukanipiga." Nilikaa kwa sababu miguu iliniuma, ila nilikasirika mpaka nyumbani.

Nilimwambia, tena si mara moja. "Andika kitu kingine. Andika theluji."

"Theluji haichekeshi, Sultana."

"Na mimi nachekesha?"

Alicheka, akanimiminia chai. Ndivyo alivyokuwa. Huwezi kumkasirikia mtu anayekumiminia chai kabla yake mwenyewe, na hilo nalo liliniudhi.

Halafu, mwaka 2009, koo lake likaanza kukwaruza. Tambuu na tumbaku alivyotafuna tangu ujana vilikuja kudai haki yao. Daktari alisema ni saratani, na kwamba wakimpasua ataishi, lakini sauti itakwenda na haitarudi. Akapangiwa Alhamisi. Jumapili kabla ya hiyo Alhamisi palikuwa na mushaira, yaani baraza la washairi, na Jalaludin, msimamizi wake, alipiga simu kumkumbusha. "Bhai, ndugu yangu, watu wanakuja kwa ajili ya Begum. Usituangushe."

Ghulamabbas hakumwambia habari ya koo. Aliweka simu chini, akanigeukia.

"Safari hii sitawapa Begum," alisema. "Nina shairi. Nataka wanisikie mara moja tu, Sultana, wasicheke."

"Na wakicheka?"

"Basi sauti yangu itakuwa imekwenda hivyo hivyo."

Nilimwomba anisomee, akakataa. Nikaona anaogopa, na moyo wangu ukamwendea wote, hasira zangu nikaziweka pembeni.

Aliyetupeleka kwa gari lake ni Valeria, jirani yetu Mtanzania, binti wa Bukoba anayesomea famasia. Kiurdu hajui hata salamu; alikuja kwa heshima yetu, na kwa ajili ya biriani. Tulikaa nyuma pamoja na kina mama. Nikamweleza taratibu: mshairi husema mstari wa kwanza, watu wakaurudia, kisha wakasubiri wa pili. Ukiwapendeza hupiga kelele "Mukarrar!" maana yake rudia. Ila wanaopaza sauti ni wanaume wa mbele. Sisi wa nyuma hutikisa vichwa.

Ghulamabbas alipopanda jukwaani ukumbi ulianza kucheka kabla hajafungua mdomo. Akasema mstari wake wa kwanza, nami nautia katika Kiswahili kadiri ya uwezo wangu:

*Nimegonga milango ya watu nikiuza kicheko,*

Hawakuurudia. Walikuwa wakisukumana mabega, wakimngoja Begum.

*na mlango wangu ulifunguliwa na yule niliyemuuza.*

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Begum kauzwa! Mtu mmoja alipiga meza mpaka vikombe vikaruka. Miaka yote ile nilidhani hajui alichonifanyia, kumbe alijua, na alikuja kukisema mbele ya watu walewale aliowauzia.

Akajaribu mistari mingine miwili. Wakacheka zaidi. Nikamwona anatabasamu, lile tabasamu la kazini, akasogeza kipaza sauti na kuanza, "Begum yangu juzi..." Makofi yakamfunika.

"Mama," Valeria akaninong'oneza, "mbona wao wanacheka na baba analia?"

Nikasimama.

"Mukarrar!"

Vichwa vyote vikageuka. "Begum mwenyewe huyo!" Jalaludin akapaza sauti, akiangua kicheko.

"Ndiyo, ni mimi," nikasema. "Na hilo shairi ni langu, nataka kulisikia. Bwana, rudia lile la kwanza, polepole. Na ninyi mnyamaze, mwacheni mtu aseme."

Ghulamabbas akasema tena, kwa koo lile linalokwaruza, kwamba amegonga milango ya watu akiuza kicheko. Hakuna aliyeitikia. Basi mstari niliuinua mimi, peke yangu, kutoka nyuma, kama inavyompasa msikilizaji. Mzee mmoja wa mbele akaufuata, na mwingine, mpaka ukumbi mzima ukamrudishia mstari wake. Hapo akautoa wa pili, huku ananitazama mimi tu.

Ukumbi ukawa kimya. Nilimwona anashtuka, kwa maana maisha yake yote kimya kilikuwa ndiyo aibu yake kubwa. Mkono wake ukatafuta glasi ya maji, ukaikosa. Nikatikisa kichwa: usikimbie, baki hapohapo. Akabaki. Alilisoma lote, na Jalaludin alikuwa ameinamisha uso.

Kwenye gari la Valeria nilikaa na mume wangu kiti cha nyuma. Tulipopita barabara ya Islington alishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, machozi yanamtiririka hadi ndevuni, uso umejaa furaha ambayo sikuwahi kuiona hata Karachi.

"Sultana," alisema, "umesikia? Hakuna hata mmoja aliyecheka."