Nywele Ndani ya Bitana

Fundi cherehani alisikia kandambili za mama mwenye nyumba zikiburuzwa uani. Alimnyanyua paka mezani, akamtia mikononi mwa baba yake, kisha akavuta pazia lililokigawa chumba.

"Baba, mshike vizuri. Asitoe hata sauti."

"Mheshimiwa yuko kikaoni," alinong'ona mzee akimpapasa paka. "Amesinzia kama wenzake wote."

Fundi hakucheka. Ilikuwa miezi minne sasa roho yake haijatulia. Siku ya mkataba alikisoma kifungu cha saba, kwamba mpangaji hatafuga mnyama wa aina yoyote, akatia sahihi, na kesho yake paka akaingia ndani ya kapu la nyuzi. Nyumba tano zilikuwa zimekwisha kuwakataa kwa sababu ya paka. Tangu macho ya baba yake yazimike, paka huyo ndiye aliyemjulisha kuwa kumekucha na ndiye aliyesikiliza hadithi zake mchana kutwa, cherehani ikinguruma upande wa pili wa pazia. Kumtenganisha naye kungekuwa kumzima mara ya pili.

Mama mwenye nyumba, ambaye wapangaji walimwita Mama Kifungu akiwapa mgongo, kwa kawaida aliishia mlangoni. Leo aliingia hadi ndani, kwa kuwa alikuja kujaribu gauni la mahameli la buluu iliyokoza, atakalovaa kesho kwenye harusi ya mwanawe wa pekee.

"Fundi wangu, nisitiri. Wakwe wasije wakanicheka."

"Watakuonea wivu, mama."

Gauni lilimkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Aligeuka kushoto, akageuka kulia, akakisifu kiuno chake mwenyewe. Ndipo akakohoa. Akakohoa tena, mkono kifuani, na pumzi zake zikaanza kupiga mluzi.

"Kifua changu hiki," alisema akiketi. Alitoa kichupa cha dawa ya pumu mkobani, akavuta mara mbili, akangoja. "Unajua kwa nini sitaki wanyama humu? Watu hudhani nina roho mbaya. Mpangaji mmoja alinificha paka, nikalazwa siku sita na mashine ya hewa usoni. Daktari akasema mara nyingine huenda nisirudi nyumbani. Leo sijui ni nini, labda vumbi la kitambaa. Nifungashie gauni langu. Kesho nitashinda nalo tangu asubuhi."

Fundi alilitazama gauni. Mahameli hulazwa kifudifudi ili uso wake usipate alama. Yeye aliyalaza hivyo mezani siku mbili, na Mheshimiwa akaufanya mgongo wa kitambaa godoro. Alipogundua, aliusugua uso kwa brashi mpaka ukang'aa. Uso tu. Mgongo, ambao mteja hauoni, aliufunika kwa bitana, akaishona pande zote, na kazi hiyo ikampendeza.

Angeweza kunyamaza. Gauni lingekwenda harusini, chumba kingebaki chao, na huenda lisingetokea lolote. Huenda.

"Livue, mama."

"Kuna pini?"

"Livue kwanza, nakuomba. Lina nywele za paka, ndani ya bitana. Paka ni wetu."

Nyuma ya pazia mzee alikohoa kidogo. "Ni wangu mimi, mama. Binti yangu hana kosa."

"Baba, tafadhali."

Mama mwenye nyumba alilivua kama mtu anayevua moto, akajifunika vazi lake, akatoka hadi uani. Alisimama huko na kitambaa puani.

"Miezi minne! Kila asubuhi 'umeamkaje, mama,' 'kifua kinaendeleaje, mama.' Kumbe!"

"Nisamehe."

"Ungenyamaza nisingejua."

"Ungejulia hospitalini."

Mama mwenye nyumba alishusha sauti.

"Leo sikufukuzi. Lakini nyumba ni yangu na kifua ni changu. Mwisho wa mwezi paka awe ametoka, au mtoke nyote. Na hilo gauni lisivuke mlango wangu. Nitavaa la zamani."

"Basi nikalipanue kiuno kwa fundi mwenzangu wa mtaa wa pili. Humu halitaingia."

"Kiuno kimefanya nini?"

Fundi alianza kulikunja gauni la buluu.

"Haya, nitakuletea," mama mwenye nyumba alisema, akageuka. "Ukanawe mikono kwanza."

Saa moja baadaye, akiwa amebadili nguo na kujipangusa hadi viwiko, fundi alikaa kwenye cherehani ya mwenzake na kuanza kufumua mshono wa gauni la zamani.

"Unakijua chumba cha kupanga huku?" aliuliza.

"Kipo kimoja, nyuma ya duka la vioo. Cha watu wangapi?"

Wembe ulisita juu ya uzi. Wawili, ulimi ulitaka kusema, kama ulivyosema siku ya mkataba.

"Wawili," alisema, "na paka."

Mwenzake aliguna, akatikisa kichwa. "Hapo sasa itabidi tutafute."