Pale Wimbo Unaponyamaza

Rigobert alikuwa mtu wa takwimu, na mkewe Delphine alishakubali kwamba kuolewa na mtu wa namna hiyo ni kuolewa pia na mambo yake. Mambo yenyewe yalikuwa mawe, gita, na viumbe waliokufa zamani kabisa. Nyumbani kwao, commune ya Kenya, mtaa mmoja wa Lubumbashi, kulikuwa na jiwe la mgodini lenye mistari kama kitunguu kilichokatwa. Rigobert aliapa kwamba mistari ile ilijengwa na vijidudu vilivyoishi hapahapa Katanga kabla ya samaki, kabla ya majani. Delphine alilitumia kuzuia mlango.

Lubumbashi wakati huo bado iliitwa Elisabethville, na Katanga ilikuwa ikijidai nchi peke yake. Mwaka uliotangulia, watu wa Kasai walizikimbia nyumba zao kwa kuogopa kuuawa, wakajazana katika kambi iliyolindwa na askari wa ONU, yaani Umoja wa Mataifa. Siku majirani walipokimbia, Delphine alisikia kitu kikikwaruza katika jiko lililoachwa wazi. Nyuma ya kinu alimkuta mtoto wa kike, hajafika miaka minne, ambaye hakuna mtu mtaani aliyemjua. Akambeba, akamwogesha, akamwita Clotilde. Delphine hakuwahi kushika mimba, na aliwaambia watu kanisani bila haya kwamba Mungu amemkumbuka.

Clotilde hakusema neno, lakini aliimba. Alikuwa na kigunzi cha mahindi alichokivika kitambaa, na alipokibembeleza aliguna wimbo usio na maneno. Rigobert aliposikia, aliliweka gita chini.

"Delphine, sikiliza! Karibu ya mwisho, iko nanyamaza. Anainamisha kichwa, kisha anaendelea."

"Mutoto iko napumua, Rigo. Umuache apumue."

Kumwacha? Rigobert? Wimbo ule wa kubembelezea watoto ulijulikana na kila mwanamke wa Kasai, naye kazi yake ilikuwa kuhesabu watu wa kambini ili unga utoshe. Basi kila jioni alirudi na namna nyingine ya kuuimba, akaipiga kwenye gita hadi chakula kipoe. Huyu aliuvuta mwisho, yule aliupandisha katikati. Hakuna aliyenyamaza pale.

"Wimbo inazaa sawa vile nyama ya pori inazaa," alimweleza mkewe, macho yanawaka. "Mutoto hafanane sawasawa na mama. Pale bote banafanana, haikuambie kintu. Utazame kosa! Babili bakikosa fasi moja, kosa ile ilitoka kwa mama moja. Njo bile banatafuta ndugu ya nyama, hata ile ya zamani sana."

"Na ndugu ya sombe yako iko wapi? Kula, inapoa," alisema Delphine, akimsogezea bakuli la kisamvu.

Alicheka, ndiyo. Lakini kila jioni mumewe aliporudi bila kuupata unyamavu ule, Delphine alimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Mwezi wa sita, na baridi yake ya kukausha midomo, treni zilianza kuwarudisha watu Kasai. Asubuhi moja Rigobert alisahau koti, na Delphine akamwacha mtoto kwa jirani yake Jeanne, akalipeleka kambini. Kila mtu alikuwa akifunga mizigo. Karibu na turubai moja, bibi mmoja alimpakata mtoto wa mwenzake huku akiimba. Delphine alikuwa amekwisha kumpita. Karibu na mwisho wa wimbo, bibi alinyamaza, akainamisha kichwa, kisha akaendelea.

Delphine alisimama. Rigobert alikuwa mbali, upande wa unga, na kati ya watu wote wale hakuna aliyesikia alichosikia yeye.

"Mama," alisema, akirudi kwa bibi, "juu ya nini unanyamaza pale?"

"Nanyamaza wapi?"

Bibi akaurudia wimbo. Alipofika pale akanyamaza tena, na safari hii alijishtukia mwenyewe.

"Kumbe! Ile iko ya mama yangu. Mutoto yake ya kwanza alimufia mu usingizi. Toka siku ile, akituimbia sisi, anaacha kwanza, anasikiliza kama tuko napumua."

Delphine alijikuta ameketi kwenye mzigo wa mtu. Mwanamke aliyekwisha kufa, wa kijiji asichokijua, alikuwa ameogopa juu ya kitanda cha mtoto. Na hofu ile ikapita kwa binti, ikapita kwa binti wa binti, hakuna aliyejua kuwa ameibeba, hadi ikafika katika kinywa kisichotaka hata kusema, nyumbani kwake Kenya. Ndipo alipoelewa kwa nini mumewe hutokwa machozi mbele ya mawe. Jambo lilikuwa kubwa mno kwake, na lilikuwa zuri, na alilichukia.

Akaaga. Alitembea hadi getini, koti bado mkononi. Treni ingeondoka mchana, na kunyamaza hakungemgharimu chochote. Lakini alimwona Clotilde akiwa mtu mzima, amepakata mtoto wake, anasimama pale katika wimbo na kusikiliza, na duniani hakuna wa kumwambia anasikiliza nini. Delphine akageuka, akarudi mbio.

"Mama, kwenu kulipotea mutoto?"

Bibi alisimama, na furushi alilokuwa akilifunga likamwagika lote.

Jua lilikuwa juu Delphine alipomfikisha mtoto kambini. Rigobert alikuwa kando ya bibi, akilifunga upya furushi lake.

"Kaku," alisema mtoto. Ndilo neno la kwanza Delphine kulisikia kutoka kwake, nalo ni bibi, kwa lugha ya Kasai.

"Mujinga," bibi akaita. "Mujinga wangu, njoo."

Kumbe mtoto alikuwa na jina, na kwa lugha ya Kasai halikuwa tusi. Alikimbia, akamkumbatia bibi miguuni, kisha akarudi, akaushika mkono wa Delphine na kumvuta waende wote. Delphine alivutwa hatua mbili tatu hadi penye malori ya kwenda stesheni. Askari akaonyesha kwa mkono kwamba wanaosafiri wapande. Mtoto alizidi kuvuta, anacheka, na Delphine akapiga magoti akaanza kuvifungua vidole vile, kimoja kimoja.