Heshima za Sajini Fagundes

Ukiibiwa mjini Merrow, usihangaike kupiga simu kituoni. Nenda bustanini Jumamosi asubuhi, polisi wote utawakuta hapo wamevaa aproni, wanakaanga chapati za maji.

Chama cha Maofisa wa Polisi wa Merrow kinatupenda, jamani, kinatupenda mpaka tunachoka. Kinasomea watoto hadithi maktabani. Kinagawa midoli Krismasi. Wakati wa maonyesho ya lozi kinamkalisha ofisa mzima juu ya pipa la maji ili watoto warushe mipira wamwangushe, naye akiibuka anacheka na kutema maji. Ukikichangia, unapewa stika ya kubandika kwenye kioo cha nyuma cha gari. Mwenyekiti wao, Royce Hulstein, huapa kwamba stika ile ni ya shukrani tu, haimkingi mtu na faini. Tunamwamini kabisa. Ndiyo maana magari ya mji mzima yamebandikwa, na walioandikiwa faini mwaka jana wote walikuwa madereva wageni waliokuwa wanapita tu.

Stika ya baba yangu ni ya dhahabu. Sajini mstaafu Norbert Fagundes, mwenyekiti wa zamani wa chama, miaka themanini na moja, na macho yamekwisha. Sisemi yamepungua, nasema yamekwisha. Ameshagonga sanduku la barua la jirani na kuliomba radhi. Ameshaegesha pikapu juu ya maua ya kanisa, akaingia kwenye misa akiwa na amani tele. Nilipomficha ufunguo, alikuwa na mwingine. Nilipoficha na huo, fundi akamchongea wa tatu bure, kwa heshima.

Mimi ni mpishi wa shule ya msingi, na njia yake ya kwenda kunywa kahawa na wastaafu wenzake inapita mlangoni petu. Asubuhi moja mwezi wa tano nilikuwa dirishani namenya karoti. Watoto walikuwa wanavuka. Baba akaja, akakipita kibao cha kusimama kana kwamba hakipo, na kwake kweli hakipo. Yule mama anayewavusha watoto alimvuta mmoja kwa mkoba wa mgongoni. Pikapu ikapita palepale mtoto alipokuwa amesimama.

Nilitoka mbio, kisu mkononi. Nikasikia king'ora. Mungu mkubwa! Royce mwenyewe alikuwa nyuma yake. Amemsimamisha, ameshuka, anakwenda dirishani kwake. Nikasema leo ndiyo leo.

Royce akapiga saluti.

"Sajini! Taratibu basi, mzee wangu. Utatuulia watu," akasema huku anacheka, akampigapiga begani, akamwachia.

"Wee Royce!" nilimfokea. "Umeona alichofanya?"

"Dada Odette, weka kisu chini kwanza."

"Mwandikie faini! Ofisi ya leseni wameniambia barua yangu ya kuomba wamfutie leseni inasubiri foleni, ila ripoti ya polisi wanaifanyia kazi siku hiyohiyo. Andika ripoti. Macho yake hayaoni!"

"Mimi nimwandikie Sajini Fagundes?" Alinitazama kwa huzuni, kana kwamba nimemwomba amnyonge. "Yule ndiye aliyenifundisha kazi. Njoo mkutanoni Jumanne, tulizungumze kifamilia."

Nikaenda. Ukumbi umejaa maofisa, picha za wenyeviti wa chama ukutani, baba akiwemo, na mashavu yake ya ujana. Nilisimama nikaeleza yote: kibao, mtoto, mkoba. Nilimaliza kwa kulia, na sikuona aibu. Wakanisikiliza kwa upole ajabu. Mmoja akaniletea keki. Kisha wakajadiliana, wakapiga kura, na uamuzi ukapita bila mtu kupinga: kwa kuwa mzee anaonekana mpweke, na kwa kuwa binti yake ana wasiwasi, chama kitampa heshima ya kuongoza gwaride la Siku ya Uhuru, tarehe nne Julai, akiendesha lile gari la zamani la doria.

"Akiendesha," nilisema.

"Ili ajisikie bado ni mwenzetu," Royce akasema, macho yamemlowa.

Mungu awape nini tena hawa watu, zaidi ya akili?

Siku yenyewe nikajitosa kiti cha pembeni. Nilikuwa nimemsihi baba asiende. Akaniambia chama kimemwita, basi. Alivaa sare yake ya zamani, kola imempwaya. Bendi ya shule mbele yetu, watu pande zote mbili wanapunga bendera. Mimi nimekuwa macho yake.

"Kulia kidogo, Baba. Hapo. Nyooka."

"Wanapiga makofi?"

"Wanapiga sana. Kanyaga breki kidogo."

Tukaenda hivyo mpaka karibu na bustani. Alikuwa anapunga mkono upande ambao hakukuwa na mtu. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, tabasamu lake bado liko palepale:

"Odette, ile mbele ni watu au ni miti?"

"Ni watu, Baba! Watoto wa bendi! Breki!"

Akakanyaga mafuta. Niliurukia usukani nikauvuta kwangu kwa nguvu zote, gari likapanda ukingo wa barabara, likavuka majani, likaingia moja kwa moja kwenye hema la Chama cha Maofisa wa Polisi. Meza ikaruka. Uji wa chapati ukatufunikia kioo chote.

Hakuna aliyeumia. Royce aliruka pembeni mwenyewe, na kwa tumbo lile sikujua kama anaweza. Alikuja dirishani ameloa unga hadi nyusi, upawa bado mkononi, na, amini usiamini, anacheka.

"Kosa letu, Sajini! Hema tuliliweka vibaya!"

Maofisa wengine wakaanza kupiga makofi.

Baba hakucheka. Alizima gari. "Royce, niandikie," akasema.

"Nikuandikie nini, mzee wangu?"

"Wakati wa baridi nilikuja ofisini kwako. Nikakwambia sioni, nichukulieni leseni. Ukaninunulia kahawa."

Makofi yakakatika.

"Nilidhani unatania," Royce akasema.

"Nimewaandikia watu wa mji huu maisha yangu yote. Nilimwandikia mama yangu mzazi. Leo nimekosa hata mmoja wa kuniandikia mimi."

"Baba, kwa nini hukuniambia mimi?" nikamuuliza.

"Wewe ungenipokonya ufunguo kama mtoto. Mimi nilitaka nisimamishwe kama dereva."

Akatoa leseni kwenye pochi, akainyoosha dirishani. Royce alijipapasa aproni, mbele, nyuma. Hakuwa na kitabu cha faini. Akawageukia wenzake. Polisi wa mji mzima walikuwa pale wameshika vijiko na chupa za asali, na hakuna aliyekuwa na kitabu, wala hakuna aliyenyoosha mkono. Mmoja alianza kukunja hema.

Basi nikashuka. Nikazunguka gari, nikafika upande wake, nikamsogeza Royce kwa kiwiko. Nikaikaza sauti kadiri nilivyoweza.

"Bwana Fagundes, umepita kibao cha kusimama watoto wakivuka. Leseni tafadhali, na kadi ya gari."

Baba akanyoosha mgongo, akaiweka kola yake sawa.

"Ndiyo, afande," akasema, akanipa leseni, akaanza kuitafuta kadi kwa vidole.