Kikao Ndani ya Kiroba

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kwenye kikao, na kikao chenyewe kilikuwa kinafanyika ndani ya kiroba.

Sikushangaa. Nilivaa kandambili, nikainama, nikaingia. Kiroba nilikifahamu vizuri. Ndicho alichonikabidhi Fundi Ngoda siku ya Jumatano, kikiwa kimefungwa kwa waya wa buluu, nami nikakisukumia chini ya kitanda bila kukifungua. Ndani kulikuwa na mwanga wa saa nne asubuhi na harufu ya petroli. Vipuri vyote vilivyotolewa kwenye gari langu vilikuwa vimekaa kwa safu kwenye viti vya plastiki, vikiningoja mimi.

Kabla hujaniona nimerukwa na akili, nikueleze habari ya gari. Ni gari la michezo, jekundu, la milango miwili, la mwaka 1967. Marehemu baba alilinunua kwa meneja wa shamba la mkonge la Kwamdimu, aliyekuwa anarudi kwao. Shamba lile lina kiwanja cha ndege cha zamani, na wenye magari ya mbio wa Tanga nzima hukutana pale Jumamosi kushindana. Baba alimwahidi mama kumzungusha kiwanjani humo raundi moja tu. Mama akiuliza lini, baba anajibu, "Wiki ijayo." Alijibu hivyo kwa miaka mingi, kisha akafa, gari likabaki kwangu.

Miezi saba nimelihangaikia. Nilitaka liweze mambo mawili: linipeleke kazini siku za kazi kwa adabu, na Jumamosi likimbie. Nikalitia kabureta mbili mpya, ekzosi mpya, shokapu ngumu na pedi za breki. Jumamosi ya kumzungusha mama ni leo. Jana jioni, kwa heshima ya siku, mama mwenyewe alinipaka rangi kucha zote kumi, nyekundu ileile ya gari.

Basi, turudi kwenye kiroba.

Mwenyekiti alikuwa kabureta ya zamani, mzee mwenye kikohozi.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba. Kaa, Mwajabu. Umetuchelewesha siku tatu."

Nikakaa juu ya tairi lenye kipara. Makatibu walikuwa plagi nne. Waliongea kwa zamu, na zamu yao ilikuwa ileile ya kuwasha injini: ya kwanza, ya tatu, ya nne, halafu ya pili. Hakuna aliyeona jambo hilo kuwa la ajabu, nami sikutaka kujionyesha mgeni.

"Ajenda ni moja," alisema Mzee Kabureta. "Kuhakiki waliostaafu. Shokapu za nyuma?"

"Tupo, ila magoti yanauma."

"Pedi za breki?"

"Tupo," zilijibu kwa sauti nyembamba. Zilikuwa zimekonda mno, hata sikuzijua.

"Mpira wa breki, mbele kushoto?"

"Nipo."

"Mpira wa breki, mbele kulia?"

"Nipo."

"Mpira wa breki, nyuma?"

Vipuri vikatazamana. Mzee Kabureta akakohoa, akaita tena, "Mpira wa breki, nyuma!"

"Bado yuko kazini," alisema plagi wa tatu.

"Tangu lini?"

"Tangu sitini na saba," alimalizia plagi wa nne.

Hapo nikaiona hatari, maana ninalijua gari langu. Magari ya siku hizi mafuta yake ya breki yana njia mbili. Moja ikiharibika, nyingine inakuokoa. Langu lina njia moja. Mpira mmoja wa kupitishia mafuta hayo ukipasuka, magurudumu yote manne yanabaki bila breki kwa mara moja, na ndani ya gari hilo atakuwamo mama yangu.

"Wewe ndiye mwajiri," alisema Mzee Kabureta. "Kwa nini huyu hajastaafu?"

"Sikujua," nikasema.

Tairi likadidimia chini yangu.

"Kilo tano," alisema plagi wa pili, akaandika.

"Fundi hakuniambia."

Likadidimia tena. "Kilo kumi."

Nikaelewa taratibu za kikao: uongo una uzito, na gari la mbio halina adui mkubwa kuliko uzito. Nikaamua kusema kweli, maana nilikuwa ninakaribia sakafu.

"Fundi Ngoda haandiki risiti," nikasema. "Kiroba ndicho risiti yake. Kilichomo kimetoka, kisichokuwemo bado kiko garini. Aliniambia, 'Fungua, hesabu, ndipo uchukue gari. Nati moja ya nyuma imeliwa na kutu, tutaongea ukishahesabu.' Mimi nikamjibu kwamba namwamini."

"Naye akasemaje?"

"Akasema kuaminiwa hakukazi nati."

"Kisha?"

"Kisha nikawasha gari. Nilikuwa nataka kusikia sauti ya kabureta mpya."

Mzee Kabureta alikohoa kidogo. Nadhani ilimuuma, na nikasikitika kwa kumtaja mrithi wake mbele za watu.

"Kazini kwako," aliuliza, "unafanya nini?"

"Namsaidia daktari wa meno."

"Mgonjwa aking'olewa jino, mnampa?"

"Tunampa alione."

"Kwa nini?"

"Ahakikishe limetoka lile bovu."

Kikao kizima kilinitazama. Nimewahi kuona haya maishani, lakini mbele ya pedi za breki ilikuwa mara yangu ya kwanza.

"Nenda kamwite huyo wa nyuma," alisema Mzee Kabureta.

Natoka kwenye kiroba, na nje si chumbani kwangu tena. Niko kwenye geti la kiwanja cha Kwamdimu, nimeshika usukani, mama yuko kushoto kwangu amepakata chupa ya chai. Mbele yetu imesimama mizani, ile ya sokoni ya kupimia mahindi, imevaa kofia ya mlinzi.

"Gari la barabarani au la kiwanjani?" inauliza.

"Yote mawili."

"Basi shika sukani mbili."

Inanipa usukani wa pili kupitia dirishani. Nashika mmoja mkono huu, mwingine mkono huu.

"Mshika mbili, moja humponyoka," anasema mama, huku akimenya chungwa.

Hajamaliza kusema, usukani wa barabarani ukaniponyoka. Ukatoka dirishani, ukabingirika kwa utaratibu kwenye barabara kuu, ukaonyesha ishara ya kukata kona, ukaelekea kazini kwangu. Nilifarijika kujua kwamba angalau mmoja wetu atawahi Jumatatu.

"Sasa ni la kiwanjani," inasema mizani. "Punguza uzito."

Natoa tairi la akiba. Natoa redio. Natoa kiti cha nyuma na mazulia. Mizani inatikisa kichwa, kisha inamtazama mama.

Mama hakubishana nayo. Alifungua mkoba, akavua miaka arobaini na miwili, akaikunja mara nne kama anavyokunja kanga, akaiweka kwenye sahani ya mizani. Alipoinua uso alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, amevaa lile gauni la madoadoa la kwenye picha ya ukutani.

"Twende basi," aliniambia, "kabla baba yako hajasema wiki ijayo."

Nilitaka kulia. Kwenye ndoto hiyo kulia kulikuwa kumekatazwa, kwa sababu machozi nayo yana uzito.

Nikaingiza gia. Tukaondoka. Sauti ya kabureta mbili ilikuwa nzuri mno, sidanganyi. Mkonge ulitupita kulia na kushoto ukiwa umesimama wima. Mama anacheka, kitambaa cha kichwani kinampepea, ananiambia ongeza. Naongeza. Shokapu ngumu zinashika ardhi, zinalalamika kidogo, zinaendelea kushika. Mbele naiona kona ya kwanza. Ni kona yenye adabu, imesimama mbali inatusubiri.

Nakanyaga breki.

"Ngoja niulize nyuma," inasema breki.

"Uliza haraka!"

"Nimeshauliza. Wanasema wanajitahidi."

Nakanyaga tena. Pedali inazama mpaka sakafuni, laini kama unga uliolowa. Kona inasogea hatua mbili nyuma ili kutupa nafasi, kisha inagundua kwamba nyuma yake kuna mtaro, inaomba radhi, inasimama.

"Mama, shika usukani, narudi sasa hivi," nikasema.

"Usikawie," alisema, akashika kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa na chungwa.

Nikaingia kwa kupitia kwenye pedali. Ndani kuna bomba jembamba, linapita chini ya sakafu ya gari, nami nikatambaa humo kwenye mafuta ya moto mpaka nikafika nyuma, juu ya ekseli. Huko nikamkuta mpira wa breki. Alikuwa mweusi, amepasukapasuka ngozi yote, ameshika bomba kwa mkono mmoja na gurudumu kwa mkono mwingine, anatetemeka.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Usiniguse sana."

"Unaitwa kikaoni. Wenzako wote wamestaafu."

"Nimesikia nikiitwa," alisema. "Nikiitika nitaachia. Na nikiachia, nani atashika?"

Nilimwonea huruma, na nilijionea hasira.

"Huko juu yuko nani?" aliuliza.

"Mama."

"Yule aliyekuwa akiambiwa wiki ijayo?"

"Yuleyule."

Akafikiri. "Barabarani, polepole, ningeweza kukufikisha kazini hata mwezi mzima. Barabara haina makuu. Lakini hiki kiwanja chenu kinataka breki kali kila kona, na mafuta yakichemka mimi sina nguvu hizo. Kona moja nitaiweza. Ya pili, siahidi."

Kwenye ubavu wake palikuwa na ufa, na mafuta yalikuwa yakitiririka. Nikauziba kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Yaliwasha.

"Mafuta haya hula rangi," aliniambia kwa upole. "Ukiyamwaga kwenye bodi, bodi inabaki bati tupu. Kwa hiyo ukiamka usije ukasema hukuambiwa."

"Kwani nitaamka?"

"Mama yako anakuita."

Na kweli alikuwa akiita.

"Mwajabu! We Mwajabu! Jua limeshatoka, bado umelala?"

Nikafumbua macho. Mama alikuwa amesimama mlangoni, wa miaka sitini na minane, amejifunga kitambaa kichwani, mkoba begani, chupa ya chai mkononi. Alikuwa amevaa viatu vyake vya harusi za watu.

Nikaitazama mikono yangu. Kucha tisa zilikuwa nyekundu. Ya kumi, ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ilikuwa nyeupe, safi, kama haijawahi kupakwa kitu. Nikatazama shuka. Hapakuwa na hata chembe ya rangi.

Nikashuka kitandani, nikavuta kiroba. Waya wa buluu ulikuwa umekazwa vilevile alivyoukaza Fundi Ngoda. Nikaukata kwa mkasi, nikamwaga vyote sakafuni. Kabureta, plagi nne, shokapu, pedi zilizokonda. Mipira ya breki ilikuwa miwili.

"Uchafu wote huo asubuhi hii?" aliuliza mama. "Tunachelewa."

"Mama, leo hatuendi."

Alikishusha kile kitambaa kichwani, akakishika mkononi.

"Baba yako naye alikuwa akisema hivyo hivyo," alisema. "Leo hapana, leo hapana. Hata siku moja hakunipa sababu. Wewe sababu unayo?"

Nikamnyooshea kidole. Alikishika, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akakisugua kwa kidole gumba chake.

"Hii niliipaka mara mbili," alisema.

"Najua, Mama."

Akaniangalia usoni, kisha akaenda kuchukua tochi jikoni mwenyewe.

Nje nilitandika mkeka, nikalala chali, nikajisogeza chini ya gari huku mama akiinama na kunimulikia, viatu vya harusi vikiingia vumbi. Nikapenyeza mkono juu ya ekseli, nikapapasa mpaka nikaupata mpira. Nikautoa mkono. Kidole kisichokuwa na rangi kilikuwa kimelowa.

Nilipotoka chini ya gari nilimwonyesha. Mama alikitazama kile kidole kwa muda mrefu. Halafu akaketi kibarazani, akafungua chupa, akamimina chai kwenye kikombe kimoja, akanywa nusu, akanipa iliyobaki.

"Basi wiki ijayo," alisema. "Lakini safari hii kwa fundi tunakwenda wote, na kiroba nakifungua mimi."